Linalaza watu wanane, lakini wawili watafanyia kazi wapi?

Shikamoo Mjomba,

Mimi na mume wangu tumekubaliana jambo moja na tunagombana juu ya jingine. Tulilokubaliana ni kwamba mkataba wa nyumba tunayopanga ukiisha hatutaurefusha. Tutanunua trela la kuishi, tulivute kwa gari letu, tukae humo mwaka mzima au zaidi huku tukihama polepole. Kazi zetu zote mbili ni za mtandaoni. Mimi nafundisha lugha kwa video, saa tano hadi sita kwa siku, kipindi baada ya kipindi. Yeye anaandika programu za kompyuta. Hukaa kimya nusu ya siku, halafu ghafla anaingia mkutanoni na wenzake, na sauti yake, Mjomba, haijui kushuka.

Ugomvi wetu ni trela lenyewe. Yeye ameshapata la mtumba la mita 8. Lina chumba cha kulala mbele, vitanda vya ghorofa nyuma, na sebule ambayo ubavu wake unasukumwa nje kwa kitufe ili nafasi iongezeke. Tangazo linasema linalaza watu 8. Mimi nimependa dogo la mita 5 na nusu: kitanda kimoja, meza moja dirishani, basi. Yeye analiita kabati lenye magurudumu. Mimi namwambia lake ni nyumba ileile tunayoikimbia.

Kitabu cha gari letu kinasema linaruhusiwa kuvuta kilo 2,300. Tangazo la trela kubwa linasema kilo 2,250. Muuzaji anamwambia mume wangu, "Litavutika tu, tena umebakiwa na kilo hamsini." Anasema pia kuna mteja mwingine anayelitaka, kwa hiyo tutoe arubuni kabla wiki haijaisha. Mume wangu ameshaanza kuchagua mapazia.

Nimkatalie? Na nikimkatalia, je, hilo langu ndilo jibu, au nami nimependa picha tu?

Mpwa wako,
Mama Kabati

*

Marahaba, Mama Kabati.

Nianze na arubuni kwa sababu ndiyo yenye tarehe. Msiitoe. Trela hilo huenda ni zuri, ila gari lenu haliliwezi, na kulijua hilo hakuhitaji fundi.

Kilo 2,250 za kwenye tangazo ni uzito wa trela likiwa tupu, kama lilivyotoka kiwandani. Mara nyingi hata betri na gesi hazimo kwenye hesabu hiyo. Sasa anza kupakia. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 150 likijaa mmeongeza kilo 150 kwa mpigo mmoja. Bado mitungi ya gesi, betri, paneli za sola, vyombo, nguo za majira yote ya mwaka, skrini za kazi, viti, zana, na godoro jipya, maana ya kiwandani wengi huwashinda baada ya mwezi. Watu wawili wanaohamia moja kwa moja hufikisha kilo 400 au 500 bila hata kujiona wana vitu. Zile kilo hamsini za muuzaji zitaisha kabla ya sufuria.

Mwambie mume wako aombe picha ya bamba la trela, lile lililobandikwa na mtengenezaji ubavuni, aghalabu upande wa mbele au karibu na mlango. Hapo pameandikwa uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa trela likiwa limepakiwa. Kwa trela la mita 8 la mpango huo, sitashangaa nikikuta zaidi ya kilo 3,000. Hiyo ndiyo namba ya kulinganisha na 2,300 zenu, tena si kwa kubana. Kwa gari lenu, mimi nisingevuka trela ambalo uzito wake wa juu ni kilo 2,000. Injini si hoja, hata gari dogo litaling'oa pale lilipo na kuondoka nalo. Hoja ni nani atalisimamisha kwenye mteremko mrefu, na upepo wa ubavuni ukipiga mtafanya nini.

Kuna namba nyingine ambayo wauzaji huipita kimyakimya: uzito unaoegemea nyuma ya gari pale mlipounganisha trela. Matrela ya mtindo wa Amerika Kaskazini yametengenezwa ili asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake iegemee hapo. Ya Ulaya huwa chini zaidi, karibu asilimia 5 hadi 7. Mkirundika mizigo nyuma mbele kukawa kwepesi, trela huanza kupiga mkia barabarani, na likishaanza kulituliza ni kazi ngumu. Asilimia 12 ya kilo 3,000 ni kilo 360. Kilo hizo zinahesabiwa kuwa zimebebwa na gari lenyewe, pamoja na nyinyi wawili na kila kitu kilichomo kwenye buti. Fungueni kitabu cha gari muone kikomo chake. Msishangae kikiwa chini ya kilo 250.

Mnaweza kubadilisha gari, sikatai. Ila hapo mtakuwa mmenunua vitu viwili, na bei ya trela haitakuwa tena ile mnayoiona kwenye tangazo. Angalieni leseni pia, kwa sababu nchi nyingi zina kikomo cha uzito wa trela kwa mwenye leseni ya kawaida.

Tuje kwenye ugomvi wenyewe. Wewe unahesabu mita na mwenzako anahesabu vitanda. Tangazo limewaambia trela linalaza watu 8. Sijawahi kuona tangazo linalosema trela linafaa watu wangapi kufanya kazi, na nyinyi hicho ndicho mnachonunua. Kulala mtalala, hata kabatini watu hulala. Tatizo litakuja saa nne asubuhi, wewe unamfundisha mwanafunzi kutamka neno, na mume wako umbali wa mikono miwili anawaeleza wenzake kwa nini programu imegoma.

Kitakachowaokoa ni mlango. Nasema mlango hasa, wa mbao au wa kitu kigumu, unaofunga na kubana. Pazia halizuii sauti, wala ule wa plastiki wa kukunja. Na kati ya sehemu mbili za kazi iwepo bafu au jiko, ili sauti ipite vizuizi viwili kabla ya kukufikia. Ndiyo maana trela la mume wako, pamoja na uzito wake, lina jambo moja zuri ambalo lako halina: chumba cha vitanda vya ghorofa nyuma. Watu wengi wanaofanya kazi barabarani hung'oa kitanda cha juu, cha chini wakakigeuza rafu, wakaweka meza na kiti cha kweli, wakapata ofisi yenye mlango wake. Ukipita njia hiyo, hakikisha kwanza kwamba hakuna mabomba au hita ya maji chini ya kitanda unachotaka kukigusa, na usijaze vitabu huko nyuma ukasahau niliyosema kuhusu mkia.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la pili ni hapana, hilo lako nalo silo. Meza moja kwa watu wawili wenye sauti itawafikisha kubaya kabla ya mvua za kwanza. Tafuteni la katikati: mita 6 hadi 6 na nusu, uzito wa juu usiozidi kilo 2,000, kitanda cha kudumu upande mmoja na meza upande wa pili, mlango kati yao. Katika matrela ya mtindo wa Ulaya, ambayo hujengwa kwa wepesi, mpango wa namna hiyo hupatikana ndani ya uzito huo. Msiogope likikosa sebule ya kusukumwa nje. Sebule hizo hupendeza sana dukani, lakini zina mota zake, zina uzito, na mipira ya kingo zake ni mahali pengine pa kuingilia maji. Mkikutana na lenye sebule ya aina hiyo, ombeni muuzaji aifunge, kisha ingieni ndani. Mnafika chooni? Friji inafunguka? Meza inafikika? Kuna matrela ambayo sebule ikiingia ndani kila kitu kinazibwa, na siku mtakayosimama kando ya barabara kwa ajili ya kipindi kimoja tu, mtafungua nyumba nzima.

Kaa kwenye ile meza. Usikae dakika mbili za mnunuzi. Nenda na laptopu yako, fanya kazi saa nzima, muuzaji akanywe chai. Meza nyingi za kulia za matrela zina mabenchi yasiyosogea na migongo iliyonyooka kama ya kanisani, na meza yenyewe inasimama kwa mguu mmoja unaotikisika ukichapa. Meza ya kawaida ya ofisi ina kimo cha sentimita 72 hadi 75, basi chukua futi yako upime. Angalia pia dirisha liko wapi. Likiwa nyuma yako, wanafunzi watamwona mwalimu mweusi ti kama kivuli.

Kelele zina mambo ambayo mtu wa nyumba ya matofali hayafikirii. Mvua juu ya paa jembamba hufunika sauti ya mwalimu yeyote, kwa hiyo tafuta kipaza sauti cha kichwani kinachochuja kelele. Kiyoyozi cha paani hunguruma. Pampu ya maji hupiga kelele kila mtu anapofungua bomba. Na mmoja akitembea, kamera ya mwenzake inacheza. Miguu ya pembeni inayoshushwa trela likisimama hupunguza mtikisiko, lakini kazi yake ni kutuliza, msiitumie kunyanyua trela. Halafu msilisahau gari. Likiwa limefunguliwa kutoka kwenye trela na kuegeshwa kivulini ndani ya eneo la mtandao wenu, ni chumba kizuri sana cha mikutano cha mtu mwenye sauti isiyoshuka.

Umeme ndio watu huununua kwa macho. Wanaona paneli juu ya paa wanaridhika. Fanyeni hesabu ya siku moja ya kazi. Laptopu mbili za wati 60 kwa saa 8 ni wati-saa 960 (wati mara saa). Kifaa cha intaneti ya setelaiti kinachokula wati 75 kwa saa 10 ni 750. Friji ya umeme wa betri, taa, pampu na feni, weka 700 hivi. Mmefika karibu 2,400 kwa siku, na hamjapika wala kupooza hewa kwa umeme. Betri moja ya lithiamu ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba karibu wati-saa 1,280, na karibu zote zinatumika. Ile ya risasi na asidi ya ukubwa uleule hutakiwi kuishusha chini ya nusu, kwa hiyo hesabu 600 tu. Trela la mtumba likija na betri moja ya zamani ya risasi, itawafikisha saa tano asubuhi. Mnahitaji mbili za lithiamu kwa uchache, ningependa tatu. Paneli ya wati 100 siku ya jua zuri huingiza labda wati-saa 300 hadi 500, na siku ya mawingu kidogo sana. Paneli za wati 600 ndizo ningeanza nazo. Kiyoyozi cha paani kinakula zaidi ya wati 1,000 kikiwa kinafanya kazi, basi hicho kihesabuni kuwa ni cha siku mlizochomeka kwenye umeme wa kambi au mnaendesha jenereta. Na jenereta ikiwaka, iwe mbali na madirisha. Moshi wake una kaboni monoksidi, na gesi hiyo haina harufu.

Intaneti iwe ya njia mbili zisizotegemeana. Hili silifanyii mjadala kwa mwalimu anayelipwa kwa kipindi. Njia moja ya setelaiti kama Starlink, ambayo inataka anga wazi na miti huiharibu, na nyingine ya simu, ikiwezekana laini za mitandao miwili tofauti. Trela lenye ukuta wa alumini hupunguza mawimbi ya simu ndani, kwa hiyo antena iwe nje, juu ya paa. Mkifika mahali, pimeni kasi ya kupandisha data kabla ya kushusha miguu ya trela. Watu hupima ya kushusha wakafurahi, kumbe picha ya mwalimu inasafiri kwa ile nyingine.

Maji na choo nitavipita haraka, mtajifunza ndani ya wiki moja. Jueni tu kwamba tangi la maji machafu, yaliyokwisha kuogewa na kuoshewa vyombo, ndilo hujaa mapema, na kwamba choo cha kisanduku kinachochomolewa, cha lita 18 hadi 20 hivi, kwa watu wawili kitamwagwa kila baada ya siku mbili au tatu. Gawaneni zamu hiyo kabla ya kuondoka.

Unyevu, lakini, sitaupita. Trela huuawa na maji kuliko barabara. Mkienda kukagua lolote, chagueni siku iliyotoka kunyesha. Bonyeza kwa kidole gumba pembe zote za ndani, chini ya madirisha, kuzunguka tundu la hewa la paani, ndani ya makabati ambayo hakuna anayeyafungua. Kanyaga sakafu taratibu karibu na mlango na choo, ikizama rudi nyumbani. Nje, angalia ukuta kwa ubavu jua likiwa chini. Ukuta ukiwa umevimba, gundi imeachia na ndani kuna maji. Harufu ya manukato mengi ikupe sababu ya kunusa zaidi. Kuna kipimo kidogo cha unyevu chenye sindano mbili, kiazime au ukinunue. Matairi nayo yana namba nne za tarehe: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la trela huchakaa kwa umri hata likiwa na meno yote, na wengi huyabadilisha kati ya mwaka wa 5 na wa 7. Mkishahamia, unyevu mtautengeneza wenyewe kwa kupumua, kupika na kuanika nguo. Acheni tundu la paani wazi kidogo hata kukiwa na baridi, na nyanyueni godoro mara kwa mara, maana ukungu huanzia chini yake. Jiko la gesi msilifanye hita.

Someni karatasi za dhamana na bima neno kwa neno. Watengenezaji wengi huandika kwamba trela ni la matembezi, na anayeishi humo muda wote anaipoteza dhamana. Bima ya kawaida nayo inaweza kukataa kulipa kwa sababu hiyohiyo, kwa hiyo ulizeni bima ya wakazi wa kudumu. Mwajiri wa mume wako, kama yupo, apewe taarifa pia, hasa mkivuka mipaka.

Na kabla ya kununua chochote, kodini trela la mpango mnaoutaka kwa wiki mbili za kazi. Msichukue likizo. Vipindi vyako viendelee, mikutano yake iendelee, na katikati muhame mara moja, ili muone kwamba siku ya kuhama hakuna kazi inayofanyika. Ndiyo maana wenye uzoefu hukaa mahali wiki mbili au tatu kabla ya kung'oa.

Umeniuliza kama umkatalie. Usimkatalie wewe, bamba la trela limkatalie. Mume anayechagua mapazia amekwisha kuhamia moyoni, na ukimwambia "trela lako ni kubwa mno" atasikia kwamba hutaki safari. Mwambie unataka kile chumba chake cha nyuma, tena ukitaje kwa jina, kwa sababu kweli unakihitaji kuliko yeye. Halafu kaeni pamoja na kitabu cha gari. Huyo mteja mwingine, kama yupo, mwacheni alichukue.

Mkipata la katikati, niandikie namba tatu tu: uzito wa juu wa kwenye bamba, uzito unaoegemea nyuma ya gari, na umbali kutoka kwenye meza hadi kwenye mlango wa kati. Picha za mapazia atume yeye.

Mjomba wako